Kuhariri COBOL ya meinfremu kwenye laptopu kienyeji namna hii kutatuletea balaa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Niko huku Marekani, kampuni ya bima, upande wa meinfremu, yaani ile kompyuta kubwa inayoendesha programu zetu za lugha ya COBOL. Tangu mwaka jana wakubwa wameamua kwamba ISPF, kihariri cha huko huko ndani ya meinfremu, ni ya wazee. Sasa kila mtu avute faili kwa FTP (njia ya kuhamisha faili kati ya kompyuta), alihariri kwenye laptopu yake, kisha alirudishe. Mafunzo hakuna, kanuni hakuna.

Wiki iliyopita kijana mgeni kaongeza sharti kwenye IF moja: AND WS-HALI = 'A', yaani mteja atozwe pale tu bima yake ikiwa hai. Kaliweka mwisho wa mstari mrefu, likaanzia safu ya 73, yaani nafasi ya herufi ya 73. Kwenye skrini yake mstari ni mzima kabisa. Lakini COBOL yetu inasoma mwisho safu ya 72, na rekodi za faili ni herufi 80, zinazozidi FTP inazikata. Kompaila, ile inayotafsiri programu kwa ajili ya mashine, ikapita na namba ya matokeo sifuri, yaani haikuona kosa. Usiku ule waliokwishafuta bima wakatolewa ankara, na simu ya saa nane usiku nikapigiwa mimi. Kijana simlaumu hata kidogo. Nani alimwambia habari ya safu ya 72? Kwenye ISPF angeandika COLS tu akaziona safu zote juu ya mistari yake.

Kinachoniuma zaidi ni hili. Ukifungua faili ndani ya ISPF, mwenzako akitaka kulihariri anaambiwa linatumika. Kwenye laptopu nani atamwambia? Juzi mimi na dada mmoja wa timu yetu tulivuta faili lile lile. Yeye akarudisha saa tano, mimi saa sita. Kazi yake ya asubuhi nzima nikaifuta kwa mkono wangu mwenyewe, bila habari. Nilishindwa hata kumtazama usoni.

Na mtu asije akaniambia nachukia mambo mapya. VS Code, kihariri cha kisasa cha laptopu, naitumia kila siku nyumbani. Zowe, inayounganisha VS Code na meinfremu, ipo tangu 2018, ni ya bure, na ukihifadhi inakagua kwanza kama faili limebadilishwa kule kwenye meinfremu. Nimeomba tuwekewe mara tatu. Jibu: "tutaangalia."

Leo nimewaandikia wakubwa kwamba programu za ankara nazihariri ndani ya ISPF mpaka tuwekewe Zowe. Mliowahi kuvutana na wakubwa kwa jambo kama hili, mlianzia wapi?