Tupeane uzoefu: lenzi ulizonunua zamani, leo zinaingia kamera gani?

Assalaam alaykum wapiga picha wa Unguja na Pemba. Jana nimefungua kabati nikakuta lenzi zangu nne za Canon EF-M, aina ya kamera zao ndogo, nzima kabisa, na kamera ya kuzitia sina. Ile kamera nilinunua Paje 2016 kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, ndogo, inaingia mfuko wa kanzu. Mwaka 2018 Canon wakaleta za RF, mdomo mwingine, yaani pale lenzi inaposhikana na kamera. Nikajipa moyo kuwa adapta, kipande cha kuunganisha lenzi na mdomo mwingine, itatoka. Kumbe lenzi ya EF-M inataka kukaa milimita 18 mbele ya sensa, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, na RF yenyewe ishachukua milimita 20, adapta itakaa wapi? 2023 ukoo wote wa EF-M ukafungwa. Simlaumu mtu, sikuuliza. Mwenzangu niliyekuwa namcheka kwa kubeba mizigo ya lenzi za EF, mdomo wa Canon wa tangu 1987, leo anazifunga kwenye Canon R yake, ya mdomo wa RF, kwa adapta na fokasi inakimbia. Haya, nanyi semeni.

Chake Chake, harusi: Yangu ni Nikon D5300 na 50mm f/1.8D, vyote vya mtumba kutoka Kariakoo. Niliuliza kitu kimoja tu: "Inaingia?" Nikajibiwa inaingia. Na kweli iliingia, ikalia tak! Usiku wa harusi bibi harusi anatolewa, nabonyeza, fokasi haitikisiki. Lenzi hizo za D hazina mota ndani. Zinategemea kijiti kinachotoka kwenye kamera kuja kuzungusha, na D5300 hana kijiti hicho. Nimezungusha kwa mkono mpaka alfajiri, shangazi mtu akiniuliza mbona nahangaika vile. Baadaye nikapata D7100, ambayo kijiti inacho, lenzi ikafufuka. Sasa naitamani Z, Nikon za mdomo mpya, lakini adapta yake ya lenzi za zamani, FTZ, nayo haina mota, kwa hiyo nitarudi kwenye kuzungusha. Mdomo wa lenzi hizi, F wa Nikon, ni wa tangu 1959, sawa, ila mie siku hizi siulizi "inaingia?" Nauliza "inafanya kazi zote?"

Mlandege: Mie mdomo wa Sony E. Sababu ni Sigma na Tamron tu, kampuni nyingine zinazoutengenezea lenzi: nikikosa pesa ya lenzi ya Sony nanunua yao. Basi.

Mzee wa Ng'ambo: Wanangu, mie nilianza na Minolta ya filamu, mdomo wa A, uliotoka 1985. 2006 Sony akaichukua kazi ile, na 50mm yangu ikahamia kwenye kamera za dijitali bila adapta wala matatizo. Nikawa natamba. 2021 kamera za mdomo ule zikakoma. Lakini hesabuni wenyewe: lenzi moja, miaka zaidi ya thelathini, watoto wangu wote na wajukuu wawili wamepita humo. Silii.

Nungwi, watalii: Mnazungumza habari za miaka thelathini, fangasi mnaiachia nani? Mie zoom yangu niliiweka kwenye mkoba wake wa ngozi masika nzima. Nilipoitoa nikaimulika kwa tochi: nyuzi nyeupe zimetambaa toka ukingoni kama utando wa buibui. Kampuni ingali ipo, mdomo ungali upo, kioo ndo hicho. Sasa natumia dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vipakti vya silika, vile vya buluu. Vikigeuka pinki navikausha.

Nungwi tena: Na mkoba wa ngozi nimempa mtoto atilie daftari za skuli.

Wete: Ami wa Nungwi umesema. Mie sikusoma chochote. Wenzangu watatu hapa wote wana Canon EF, nami nikanunua hiyo hiyo. Tuna lenzi ya kuvuta mbali, 70-200, moja tuliyochangia, inazunguka: mwenye harusi wiki hii ndiye anayo, Idd tunapiga kura. Hata ingekuwa kamera bora duniani, ningekuwa peke yangu nayo.

Mwenye uzi: Sheikh wa Wete, hiyo 70-200 inavuka maji? Nina mtu yupo Mkoani, anarudi Unguja kwa boti ya kesho.

Wete: Inavuka. Lakini Ijumaa iwe imerudi, na usiitie kwenye mkoba wa ngozi.