Uzi: Dini zinasemaje kuhusu vijana, zinaa na uzazi wa mpango? Naomba ushauri wa kuandaa kipindi

Mlezi_wa_Kundi
Habari za humu wakuu. Naandaa kipindi cha saa moja na nusu kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 na wazazi wao. Kundi ni mchanganyiko: Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu. Wazazi wametuma maswali mapema na mengi yanarudi palepale: kumweleza kijana njia za kuzuia mimba si ndiyo kumpa ruhusa ya kuzini? Kuna wanaoshikilia kwamba dini zote zimeharamisha uzazi wa mpango, na wenzao wanabisha.

Lililonikalia kooni ni hili: binti wa miaka 16 kaandikiwa vidonge vya majira na daktari kwa ajili ya maumivu makali ya hedhi. Mama yake amegoma, anasema ni dhambi na watu wataona binti ni malaya. Nimjibu vipi bila kumvunjia heshima? Wajuzi nisaidieni, kwa vifungu tafadhali, si kwa hisia.

Katekista_Mkongwe
Mkuu, tenganisha mambo mawili kabla hujafungua mdomo, la sivyo kipindi kitakufia mikononi. Jambo la kwanza ni kujamiiana nje ya ndoa. Hapo Biblia na Qur'ani hazigombani: "Ikimbieni zinaa" (1 Wakorintho 6:18), na Surat al-Israa aya ya 32 inakataza hata kuikaribia. Usilipambe wala usiombe radhi, litamke hivyo.

Jambo la pili ni kuzuia mimba, na hapa hata Wakristo hawako kitu kimoja. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth walipinga mwaka 1908, wakapinga tena 1920, kisha mwaka 1930 wakapitisha azimio la 15 kwa kura 193 dhidi ya 67: wanandoa wenye sababu nzito ya kimaadili wanaweza kutumia njia nyingine zaidi ya kujizuia, ila si kwa ubinafsi, anasa au kujirahisishia maisha. Papa Pius XI alijibu tarehe 31 Desemba mwaka huohuo kwa waraka wa Casti Connubii, akakataa. Papa Paulo VI akarudia katazo kwenye waraka wake wa Humanae Vitae, Julai 1968. Madhehebu mengi ya Kiprotestanti leo yanawaachia wanandoa waamue.

Kwa huyo mama, kama ni Mkatoliki, mfungulie Humanae Vitae namba 15. Watu wengi huishia namba 14 yenye katazo, wanafunga kitabu. Namba 15 inasema Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kuponya maradhi ya mwili, hata ikitabirika kwamba itazuia mimba, mradi kuzuia mimba kusiwe ndiyo shabaha. Binti mwenye hedhi inayomlaza kitandani anaingia humo moja kwa moja. Hahitaji kibali maalumu cha padri, anahitaji daktari aliyempima vizuri.

Bint_Fiqhi
Naongezea upande wa Uislamu, maana huko nako kuna mkanganyo mkubwa.

Msingi ni hadithi ya sahaba Jabir iliyomo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, na Qur'ani ilikuwa ikiteremka. Wanazuoni wengi wakachukua kwamba inaruhusiwa kwa wanandoa, na wengi wao wakaweka sharti la mke kuridhia. Mwanazuoni Ghazali (aliyefariki 1111) alikubali hata sababu kama kuogopa mzigo wa watoto wengi. Mwanazuoni mwingine, Ibn Hazm, alikataa, akishika hadithi inayoiita azli kuzika mtoto kwa siri. Baraza la Fiqhi (elimu ya sheria za dini) la Kiislamu la Kimataifa lilipokaa Kuwait Desemba 1988 liliamua hivi: wanandoa waliokubaliana wanaweza kuzuia mimba kwa muda penye haja, kufunga kizazi moja kwa moja ni haramu isipokuwa kwa dharura, na serikali haina haki ya kuwabana watu wasizae.

Angalia neno "wanandoa". Ruhusa yote hiyo inazungumzia ndoa. Kijana akikwambia "azli ni halali, kwa hiyo mimi na mpenzi wangu tuko salama", amekamata nusu ya hukumu. Kinachomharamishia ni zinaa yenyewe, si kondomu. Na kutoa mimba ni mlango mwingine kabisa wenye hukumu zake, usiuchanganye humu.

Sasa kuhusu neno "malaya". Kwenye sheria ya Kiislamu, kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi zinaa bila mashahidi wanne ni kosa lenye adhabu yake, viboko 80 (an-Nur, aya ya 4). Pakiti ya vidonge mkobani si shahidi hata mmoja. Waambie hilo wazazi wote, si mama yule peke yake.

Katekista_Mkongwe
@Bint_Fiqhi umegusa penyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2477 nayo inahesabu kuwa ni kosa kumhukumu mtu haraka bila msingi wa kutosha. Mlezi, weka hayo mawili kwenye karatasi moja.

Muuguzi_wa_Zamu
Nawaachia vifungu, mimi naleta vidonge. Mama akielewa vinafanya nini, nusu ya woga huisha.

Maumivu ya hedhi hutokana na kemikali zinazotengenezwa kwenye utando wa mji wa mimba na kuufanya ujikaze. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili huufanya utando huo uwe mwembamba, kemikali zinapungua, maumivu na damu vinapungua. Kwa kawaida daktari huanza na dawa za maumivu kama ibuprofeni. Zikishindwa ndipo anafikia vidonge. Pakiti nyingi zina vidonge 28: 21 vyenye dawa na 7 visivyo na homoni. Haviharibu kizazi, akiacha, mayai yanarudi kupevuka.

Ambacho mama anapaswa kuuliza hospitali, badala ya kuuliza kuhusu umalaya: binti ana kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli? Ameshawahi kuganda damu mguuni? Ana shinikizo la damu? Anatumia rifampisini (dawa ya kifua kikuu) au dawa za kifafa? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Kwenye kipindi chenyewe, yasahihishe haya maana ndiyo yanayopotosha vijana. Kalenda: mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwanamke. Njia ya siku maalumu (kujizuia siku ya 8 hadi ya 19) imepimwa kwa wanawake wenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, na mizunguko ya wasichana wengi wa miaka 14 bado inarukaruka. Kidonge cha dharura, levonojestreli miligramu 1.5: kinywewe mapema iwezekanavyo, vizuri ndani ya saa 72. Kinafanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai kutoka, na hakitoi mimba iliyokwisha kutunga. Kwa wanaopinga kutoa mimba hiyo ni taarifa muhimu. Na vidonge, sindano au kijiti havizuii Virusi vya Ukimwi. Kati ya njia hizi, kondomu pekee ndiyo inayosaidia.

Mtu_wa_Msimamo
Mnazunguka bure. Wafundisheni kujizuia, waape mbele ya kusanyiko, basi. Hizi habari za vidonge zinawasha moto.

Msomaji_Takwimu
@Mtu_wa_Msimamo ndugu yangu, viapo vimeshapimwa. Bearman na Brückner walichapisha mwaka 2001 utafiti wa vijana wa Marekani: waliokula kiapo walichelewa kuanza ngono, wastani wa miezi 18 hivi. Ila kiapo kilishika tu pale walioapa walipokuwa wachache kiasi. Kilipokuwa cha kila mtu, kilipoteza nguvu. Na waliovunja walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kutumia kinga mara ya kwanza. Rosenbaum naye mwaka 2009 alilinganisha walioapa na wasioapa waliofanana kwa imani na malezi. Baada ya miaka mitano hapakuwa na tofauti ya kufanya ngono, tofauti ilikuwa kwenye kinga: walioapa walitumia kidogo. Asilimia 82 yao walikana kwamba waliwahi kuapa!

Hilo halifuti mafundisho ya kujizuia. Kiapo peke yake, bila maarifa, humwacha kijana mikono mitupu siku akiteleza. Mapitio ya UNESCO kuhusu elimu ya jinsia hayakuona kwamba inawaharakisha vijana kuanza.

Mlezi_wa_Kundi
Asanteni sana. Vipi mpangilio? Niwaweke wasichana na wavulana pamoja? Na kijana akinifuata pembeni akaniomba siri?

Muuguzi_wa_Zamu
Dakika 20 za mwanzo wote pamoja, mafundisho ya dini, msemaji mmoja kwa kila upande. Kisha dakika 40 watenganishe: wasichana na mhudumu wa afya wa kike, wavulana na wa kiume, wazazi chumba kingine na yale maswali yao. Mwisho warudi pamoja kwa maswali ya karatasi. Kila mtu aandike, hata asiye na swali aandike "sina swali", maana wakiandika watatu tu ukumbi mzima utajua ni nani. Wewe pekee uzisome.

Swali la mama usilijibu hadharani hata bila jina. Mtafute mwenyewe, umpe shikamoo yake, muulize kwanza binti analala siku ngapi kila mwezi. Halafu ndipo utoe vifungu.

Katekista_Mkongwe
Kuhusu siri: padri aliye kwenye kitubio amefungwa na kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa Katoliki, hawezi kutoboa. Wewe huna kitubio, kwa hiyo usiahidi usichoweza kukitimiza. Mwambie kijana mapema, kabla hajaanza kueleza: "Nitakutunzia heshima yako, ila ukiniambia kuna mtu mzima anakuumiza au anakulazimisha, nitatafuta msaada." Wengine watanyamaza kidogo hapo, wape muda.