Boksi lenye mafuta ya chipsi: ni karatasi au takataka?

Ngosha wa Igoma: Wakuu habari za saa hizi. Nina kibanda cha chipsi kuku, tangu nianze kufungia kwenye viboksi vya karatasi vinabaki vingi mno mezani, nikawa navijaza kwenye kiroba nikijua ni hela. Jana kijana wa guta anayenunua maboksi kapita, kafungua kiroba, kanusa, kafunga. "Mzee hii taka." Maboksi ya maji kabeba yote. Sasa karatasi si karatasi tu? Au ananizingua ili kesho nimpe bure?

BintiKirumba: Hakuzingui kaka. Mimi nimepima maboksi stoo moja Nyakato miaka miwili, bunda likiingia na viboksi vya tomato na kachumbari siku tatu tu ukungu na panya. Na kiwandani karatasi inalowekwa inavurugwa mpaka inakuwa uji, sasa mafuta na maji wapi na wapi, yananata kwenye ule uji karatasi inatoka na madoa, pengine matobo. Chana kifuniko kama kisafi, hicho wanachukua.

Ng'wana Sangabuye: Hizo stori za zamani. Marekani 2020 kampuni ya WestRock pamoja na Domino's walipima maboksi ya piza, mafuta ya kawaida na jibini kidogo iliyogandia wakaona hayaharibu kitu. Huku ni uvivu wa wanunuzi tu.

BintiKirumba: Uvivu?? Wewe umewahi kupandisha bunda kwenye fuso saa saba mchana na jua hili la Mwanza? Unasoma kitu kwenye simu umekaa kivulini unamwita mtu mvivu.

Ng'wana Sangabuye: Sijakutaja wewe dada, mbona umejishtukia.

Fundi Mabatini: WestRock si ndo wanatengeneza hayo maboksi, na Domino's ndo anafungia piza humo? Kesi ya nyani mmempelekea ngedere halafu mnaleta hukumu hapa.

Mzee wa Sato: Chipsi zina mafuta gani bana. Njooni mwaloni Kirumba mfunge sangara wa kukaanga kwenye boksi muone, hujafika stendi chini kumelowa limeachia. Ndo maana mimi sangara sili, mafuta matupu, samaki wa wazungu yule.

Mama Dagaa: Haya sasa. Samaki wa wazungu ndo kasomesha watoto wangu wanne, shikamoo yake. Ni kweli ana mafuta, hakauki juani kama dagaa mpaka umbanike kwa kuni, lakini usimtukane mbele yangu.

Mzee wa Sato: Kaletwa na wakoloni upande wa Uganda miaka ya 1950, kawamaliza furu wengi ziwani, wale samaki wadogo wa asili, leo mjukuu wangu hajui furu ni nini. Nimtukuze?

Fundi Mabatini: Mzee wangu kwa heshima zote, hata huyo sato wako kaletwa miaka hiyohiyo. Wa kwetu ni ngege. Badili jina kwanza ndo urudi 😂

Mzee wa Sato: Muongo wewe. Sato nimemla kwa bibi yangu.

Mama Dagaa: Bibi yako alizaliwa 1950??

Ngosha wa Igoma: Jamani viboksi vyangu.

BintiKirumba: Kaka chana ukingo wa kiboksi uangalie, ukiona ndani kuna ngozi ya nailoni hicho hata kikiwa kisafi wengi hawakitaki. Kama ni karatasi tupu, vya mafuta chanachana utupie shimo la mbolea na maganda ya viazi, vinaoza. Ila mifupa ya kuku toa, mbwa watafukua.

Ng'wana Sangabuye: Kwa hiyo umekubali mafuta sio tatizo.

BintiKirumba: Nimesema MBOLEA. Soma.

Ngosha wa Igoma: Mrejesho. Nimechana vifuniko visafi, kijana wa guta kapima kachukua, hakunusa hata. Halafu kaagiza chipsi, kala palepale, boksi kaniachia mezani.

Mzee wa Sato: Kala na kuku au samaki?