Mjadala: Msalaba kwenye pini ya kilti, ni sawa kuuvaa kama pambo?

Hoja. Kilti ni vazi la sufu la marinda kutoka Uskoti, na kwa kawaida mwanamume huivaa na pini moja kwenye kipande cha mbele, chini, upande wa kulia. Pini nyingi huwa na umbo la upanga, ua la mbaruti au kulungu. Nyingine ni misalaba, na baadhi ya wanaoivaa hawasali popote. Je, ni sawa alama ya Ukristo ifanywe urembo wa nguo?

Mzee wa kanisa, Mpresbiteri: Mimi napinga. Kanisa letu Wapresbiteri wa Kenya lilitokana na misheni ya Waskoti pale Thogoto, kwa hiyo jambo hili linatugusa. Waskoti wenyewe, walipofanya Matengenezo ya Kanisa mwaka 1560, walikuwa wameshaanza kung'oa sanamu na mapambo makanisani. Kanisa kuu la mji wa St Andrews, kulekule Uskoti, lilivamiwa mwaka mmoja kabla. Kubomoa kule kulipita kiasi, lakini hoja yao ilikuwa na uzito: alama takatifu ikigeuzwa urembo, baada ya muda hakuna anayeisoma. Halafu pini yenyewe inakaa karibu na goti. Inagonga viti, inarukiwa na tope. Mtu akitaka kukiri imani yake, kifua kipo.

Sonara: Shikamoo mzee. Naomba tutenganishe, maana misalaba ya pini hizi si ya aina moja. Kuna wa Mtakatifu Andrea, ule wa mistari miwili iliyopishana kama X, ulio kwenye bendera ya Uskoti. Huo Mskoti anauvaa kwa Uskoti wake, awe anasali au hasali.

Kuna msalaba wenye duara, unaoitwa wa Kiselti. Asili yake ni misalaba mikubwa ya mawe ya Uskoti na Ayalandi. Ule wa Mtakatifu Martin kisiwani Iona umesimama tangu karne ya 8, una urefu wa zaidi ya mita 4. Upande mmoja amechongwa Mariamu na Mtoto, pamoja na Danieli na simba. Upande wa pili kuna nyoka na vifundo vya duara. Ukiupunguza hadi pini ya sentimita 8, Mariamu na Danieli hawatoshei, yanabaki mafundo. Hapo mzee ana haki: nakshi imebaki, habari yake imeachwa.

Wa tatu ni msalaba wenye mwili wa Kristo. Huo haufai kabisa kwa kilti. Mwili unachomoza, unanasa nyuzi za sufu, na mikono ndiyo inayovunjika kwanza. Kristo aliyekatika mkono, akining'inia gotini mwa mtu harusini, ni jambo la kuumiza.

Mkatoliki, Glasgow: Nakubaliana kuhusu huo wa tatu, na nina sababu nyingine. Hapa Glasgow unamtambulisha mtu papo hapo kuwa Mkatoliki, na uhasama wa Wakatoliki na Waprotestanti, ule unaojitokeza hata kwenye mechi za Celtic na Rangers, haujaisha. Mgeni anayenunua pini kwa kuwa inang'aa hajui kwamba ameshachagua upande. Mwenye imani auvae, ila kwenye koti.

Mshonaji: Wote mmesahau kwamba pini huzunguka. Msalaba wa mguu mrefu ukifungwa kwa sindano fupi iliyolala, sehemu ya juu yenye mikono na duara ndiyo nzito. Mtu akitembea kidogo, kichwa kiko chini. Msalaba uliopinduliwa ni alama ya kale ya Mtakatifu Petro, lakini leo wengi wanauona kama kumkejeli Kristo.

Sindano isimame wima nyuma ya pini, ikaribie urefu wa msalaba wenyewe, iingie na kutoka kwenye kitambaa mara mbili, tena ipenye katikati ya nyuzi bila kukata uzi. Ipime kama sentimita 5 kutoka ukingo wenye matamvua na 10 kutoka chini. Na kwa kuwa mbele ya kilti kuna vipande viwili vinavyolaliana, toboa cha juu peke yake! Ukivishikanisha vyote viwili, mtu akikaa kila kipande kinavuta kivyake, sufu inachanika na kilti inakaa mshazari. Kitambaa kizito, cha aunsi 16 kwa yadi, kinabeba msalaba wa fedha vizuri; chepesi cha aunsi 10 kinalegea, kona inaning'inia na msalaba unainama. Wa Andrea ukizunguka nusu duara, hakuna atakayejua. Kabla ya kupiga pasi au kuhifadhi kilti, chomoa pini, maana sindano ya chuma ikipata unyevu inaacha kutu kwenye sufu.

Mzee wa kanisa: Marahaba, sonara. Wa Andrea nauachia, ni bendera. Huu wenye duara, kwa mtu asiyeamini, bado nasema hapana, hata ukifungwa vizuri namna gani.

Sonara: Dukani siwezi kumhoji mtu imani yake, mzee. Ninachoweza ni kumweleza ulikotoka na kilichochongwa kwenye lile jiwe. Akisikia yote na bado akautaka, nitamuuzia.

Mzee wa kanisa: Mweleze, nakubali. Ila akikujibu kwamba haamini, umbo tu ndilo linalompendeza, mshauri achukue ya mbaruti. Nayo ina umbo zuri.