Naomba ushauri: kupanga picha 5 ukuta wa sebuleni
Wakuu habari za saa hizi, nina fremu tano, moja A3 ya marehemu bibi na nne A4 za harusi na watoto, nataka nizitundike juu ya kochi lenye sm 200. Nimekata magazeti saizi ya kila fremu nikayabandika kwa selotepu nisije nikatoboa hovyo, ya bibi nimeiweka katikati, katikati ya fremu yake ni sm 150 toka sakafuni. Sasa hizo A4 nizipange mbilimbili kila upande au zote mstari mmoja? Na ukuta ni wa tofali za saruji, misumari ya kawaida inapinda tu na plasta inabanduka, misumari ya zege itatosha au nikaazime drili niweke plagi (zile za plastiki za kushikilia skrubu ukutani) na skrubu? Ya bibi ndo picha pekee tuliyobaki nayo, sitaki idondoke kabisa.