Kusomea saikolojia na terapia chuo kidogo cha private, inafaa kweli?

Mtoto_wa_Mwingi
Habarini wadau. Nilimaliza fomu foo mwaka jana nikapata C+, sasa nimeitwa chuo kimoja kidogo cha private hapa Nairobi kusomea saikolojia. Nia yangu ni kuwa terapisti, kukaa na mtu aliyefiwa ama aliyepitia mambo mazito mpaka asimame tena. Mzee wangu anasema hizo ni pesa za kumwaga, ati chuo hakina hata jumba lake, kiko gorofa ya tatu juu ya supamaketi, na darasa ni watu kama 20 hivi. Aliyesomea mahali kama hapo anisaidie tafadhali, na je nikimaliza digirii naweza kufungua ofisi yangu?

Nyota_ya_Kisumu
Hongera mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho maana hapo ndipo wengi huumia, digirii peke yake haikupi ruhusa ya kuhudumia watu. Tangu 2014 Kenya iko na sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, kuna bodi na lazima ikusajili kwanza. Tena digirii ya kwanza ni msingi tu, miaka 4 ya ukuaji wa mtoto, ubongo, utafiti na takwimu, hesabu iko, usiambiwe ni kupiga stori. Terapia yenyewe utaiingia sawasawa kwa masters, iwe ya ushauri ama ya kliniki. Mambo ya dawa ni ya saikayatristi, yaani daktari wa magonjwa ya akili, na huyo husomea udaktari kwanza.

Kwa hivyo jumba lisikusumbue. Nenda ofisini kwao uulize kama kozi imeidhinishwa na CUE, tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu (na uangalie mwenyewe kwa tovuti ya CUE), wanafunzi huenda atachmenti (mazoezi ya kazini) wapi, na huko nani huwasimamia. Wakianza kuzungukazunguka kwa hilo la kusimamiwa, toka.

Kijana_wa_Rongai
Mimi niko mwaka wa tatu kwa chuo kidogo, darasa letu ni watu 17, na kwa kozi hii hiyo ni baraka. Tunafanya mazoezi watatu watatu, mmoja mshauri, mmoja mteja, mwingine anaangalia na kuandika, lekchara amesimama nyuma ya kiti chako anakukatiza hapo hapo, "umemrushia maswali manne na hajajibu hata la kwanza, nyamaza umsikize." Darasa la watu 200 hiyo utaitoa wapi?

Lakini kuna upande mwingine hauongelewi. Tuliambiwa tulete shida za kweli, dada mmoja akaanza kuongea juu ya marehemu mamake akalia sana, na saa saba tuko na yeye laini moja ya chapati, hakuna anayejua kama anafaa kumuuliza yuko aje. Chuo kidogo huna pa kujificha. Kwa hivyo uliza kama mkitaka terapia nyinyi wenyewe mtapelekwa kwa mshauri wa nje, maana lekchara anayekupa maksi hafai kuwa ndiye anayesikiza siri zako.

Mama_Tunu
Mwanangu, mzee usishindane naye kwa simu, mpeleke hapo chuoni aulize mwenyewe, wazazi tukishajibiwa uso kwa uso tunatulia. Na kwa karo, HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hukopesha hata wa vyuo vya private, ila mkopo ni deni, utaulipa. Pesa zikikataa kabisa anza na diploma ya ushauri nasaha halafu upande polepole, binti yangu amepitia njia hiyo hiyo na sasa anafanya kazi na watoto.

Mtoto_wa_Mwingi
Asanteni sana, mmenifungua macho. Jumatatu tunaenda na mzee. @Kijana_wa_Rongai hiyo ya yule dada mliimaliza aje?

Kijana_wa_Rongai
Lekchara alituketisha kabla ya somo lililofuata, tukakubaliana mazoezini tulete vitu vidogo vya kweli kama kugombana na rumumeti, mambo ya msiba yaende kwa mshauri wa nje. Yule dada mwenyewe alisema kilichomuuma zaidi ni vile tulimkwepa kwa ile laini, angependa aulizwe yuko aje kama kawaida. Kwa hivyo siku hizi tunamuuliza.