Naomba ushauri: LVM imeidaka sdb kabla ya multipath

Wakuu, habari za kazi. Niko Mtwara mjini, natunza seva ya Linux kwenye ofisi ya malipo ya korosho. SAN (hifadhi ya diski iliyo nje ya seva) imeunganishwa kwa faiba: kadi mbili, swichi mbili, kontrola mbili. LUN moja (diski moja inayotolewa na SAN) inaonekana kama sdb, sdc, sdd na sde, yaani mara moja kwa kila njia, WWID (namba ya utambulisho wa diski) ileile. Hapo sina shida.

Kinachonitesa, multipathd (huduma ya multipath, inayokusanya njia zote za diski kuwa kifaa kimoja) inawaka vizuri lakini `multipath -ll`, amri ya kuonyesha njia hizo, haitoi kitu. Nikipiga `pvs` (amri ya kuorodhesha diski za LVM) naikuta LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski, imekalia /dev/sdb, njia moja tu, badala ya /dev/mapper/mpatha, kile kifaa cha multipath. Yaani njia hiyo moja ikikatika, kazi imesimama wakati nyingine tatu ziko nzima! Fundi aliyeifunga hapokei simu siku hizi.

Nafikiria kuizuia LVM isizione hizo sd kwa global_filter (kichujio cha diski) ndani ya lvm.conf, faili la mipangilio yake, kisha `dracut -f` ili initramfs (faili dogo linalotumika seva inapowaka) ibebe multipath.conf, mipangilio ya multipath, halafu niwashe upya. Data zimo tayari, je zitabaki salama? Na no_path_retry (mpangilio wa la kufanya njia zote zikikatika) niweke queue, yaani isubiri bila kikomo, au namba ya majaribio? Queue naiogopa, njia zote zikifa programu zinaganda tu zikisubiri.

Minada inaanza Oktoba, nikizima seva wakati huo wakulima watanila mzima. Aliyewahi kufanya hili anielekeze aanzie wapi.